Kabla ya kusaini mkataba wa mfumo wa nyaraka, shukeni masijala: barua ya wazi kwa wakurugenzi

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, Makatibu Tawala wa Mikoa, na wakuu wote wa taasisi za umma wenye kalamu ya kuidhinisha matumizi.

Yah: Kununua mifumo ya nyaraka huku masijala ikiachwa nje

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kila mwaka wa fedha ukikaribia, kwenye bajeti za taasisi zetu hujitokeza kifungu kinachofanana: ununuzi wa mfumo wa kielektroniki wa kutunza nyaraka. Fedha zikipatikana kinaitishwa kikao. Anaingia Afisa TEHAMA, Afisa Ugavi, Mhasibu, Mwanasheria, na mzabuni aliyekuja na projekta yake. Ukutani yanapita mambo ya kuvutia: bofya hapa, tafuta pale, karatasi kwaheri. Chai inanywewa, muhtasari unaandikwa. Wiki chache baadaye mkuu wa masijala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, anaitwa, anapewa jina la kuingilia na nywila, na anaambiwa mafunzo ni Alhamisi saa nne asubuhi.

Mimi ni mtunza kumbukumbu. Niliajiriwa kushika majalada na mpaka leo ninayashika. Sina ugomvi na kompyuta, na sitawaandikia habari za zamani kuwa nzuri, maana ninayajua makabati yetu na mchwa wake. Ninachoomba ni mkuu wa masijala awe kwenye kikao cha kwanza, kabla hadidu za rejea hazijaandikwa, na akisema "bado hatujawa tayari" asichukuliwe kuwa anaogopa teknolojia. Haya mengine ninayoyaandika ni sababu tu.

Wengi wenu mmepanda hadi mlipo bila kulazimika kupita kaunta ya masijala. Basi niwaeleze kinachofanyika upande wa pili wa kaunta.

Barua ikifika inagongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Inaingizwa kwenye rejista ya barua zinazoingia: imetoka wapi, ina kumbukumbu namba gani, inahusu nini. Halafu inafuata kazi ambayo mzabuni haioni, nayo ni kuamua barua hiyo ni ya jalada gani. Chukueni barua ya mwalimu anayeomba uhamisho kwa sababu ya ugonjwa na humo humo anadai fedha za likizo ya mwaka juzi. Ni ya jalada lake binafsi, ya jalada la uhamisho, au ya jalada la madai ya watumishi? Mtunza kumbukumbu anaamua, anaweka rejea kwenye majalada mengine yanayohusika, anaitoboa, anaifunga kwa kamba upande wa kulia na kuipa namba ya folio, yaani namba ya waraka huo ndani ya jalada, kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu. Upande wa kushoto ipo karatasi ya madokezo. Hapo anaandika: "Afisa Elimu, tafadhali ona folio 34." Jalada linaingizwa kwenye daftari la mwendo wa majalada, linaondoka. Afisa Elimu anaongeza dokezo lake, linakwenda kwa Afisa Utumishi, linapanda hadi mezani kwako Mkurugenzi, nawe unaandika neno moja, "Nakubali", unasaini. Likirudi masijala na kuna jambo linalosubiriwa, linawekewa tarehe ya kuletwa tena.

Mtu akilifungua jalada hilo baada ya miaka 15 ataona nani alishauri nini, nani alisita, nani aliamua na lini. Barua peke yake haimwonyeshi hayo. Ukitoa karatasi zote ukazipiga picha moja moja, kisha ukazitupa kwenye folda bila mfuatano huo, unazo picha za karatasi. Jalada huna tena.

Sasa niwaambie skana ikifika huwa tunafanyiwa nini. Kwenye ofisi moja, ambayo siitaji, waliletwa vijana wa mkataba, wachapakazi kweli kweli, waliolipwa kwa idadi ya kurasa. Kamba zikafunguliwa, pini zikang'olewa, karatasi zikapitishwa kwenye mashine upande mmoja. Madokezo yetu huandikwa mbele na nyuma kwa sababu ya kubana karatasi, kwa hiyo nusu ya maamuzi ya ofisi ile ikabaki upande ambao mashine haikuuona. Ramani za viwanja zilizokunjwa mara nne zilirukwa kwa kuwa hazikuingia kwenye trei. Kila rundo likawa faili moja la PDF, na jina likatoka kwenye mashine yenyewe: Scan_0001, Scan_0002, hivyo hivyo hadi maelfu. Siku ya uzinduzi ilikatwa keki. Baadaye Afisa Utumishi akahitaji barua ya mtumishi mmoja, akahangaika kwenye kompyuta hadi saa za mchana, kisha akamtuma mhudumu aje masijala kuangalia kabatini. Kabatini hapakuwa na kitu. Majalada yaliyokwisha kuskaniwa yalikuwa yamefungwa kwenye maboksi na kupelekwa stoo, na maboksi hayo hayakuandikwa chochote nje.

Programu ile ilikuwa nzuri, nami siilaumu. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyeiambia kitu.

Hata serikali kubwa zimeaibika kwa majalada yasiyoorodheshwa. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa enzi za Mau Mau walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ilijulikana kuwa majalada yaliyoondolewa kwenye makoloni 37 wakati wa uhuru yalikuwa yamekaa miongo kadhaa Hanslope Park, kwenye jengo la serikali hiyo hiyo. Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500 ndani ya maboksi 300. Muda wote huo waliouliza walijibiwa kana kwamba hayapo. Ilikuwa njama au ni uzembe wa kutoorodhesha? Wanaobishana wabishane, kwa mzee aliyesimama mahakamani akitafuta ushahidi, yote mawili yalimfikisha pale pale. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228.

Huko ni mbali, mtasema. Basi turudi kwetu Tanzania. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Zoezi la uhakiki liliwagusa pia watumishi wa darasa la saba, na mwaka uliofuata Serikali ikaelekeza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini, kwa kuwa sharti la elimu ya kidato cha nne lilianzia tarehe hiyo. Wanasiasa walijadili haki na huruma. Sisi masijala kazi yetu ilikuwa kufungua folio ya kwanza ya jalada binafsi na kusoma tarehe ya barua ya ajira. Dereva wa Machi 2004 anarudi. Wa Juni 2004 harudi. Na yule ambaye folio ya kwanza haionekani?

Watu wa namna hiyo walikaa kwenye benchi nje ya dirisha letu. Mmoja wao alikuwa mlinzi aliyeajiriwa kabla wilaya yao haijagawanywa. Wilaya mpya ilipoanza, yeye alihamia huku, jalada lake likabaki kule. Masijala ya huku, isipate pa kuweka barua zake, ikamfungulia jalada la muda. Kanuni inasema jalada la muda huunganishwa na jalada halisi mara likipatikana. Lake halikuunganishwa. Kila barua iliyokuja ikaendelea kuwekwa kwenye lile la muda mpaka likanenepa kuliko lile halisi, na folio yake ya kwanza ikawa barua ya kuomba likizo. Ukimsoma mzee yule kwenye jalada hilo, ni mtu aliyeanza kazi kwa kuomba likizo.

Mpelekeeni mzabuni hali hiyo kama ilivyo. Ataskani jalada la muda, ataskani na lile halisi siku likipatikana, na mfumo utawahesabu kuwa watumishi wawili. Kosa lililokuwa kabatini, ambalo mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri angeweza kulikumbuka na kulirekebisha, sasa limepata uhalali wa kompyuta. Na kompyuta, waheshimiwa, huaminiwa kuliko mtunza kumbukumbu.

Mkondo ni huo huo kwa wastaafu. Tangu mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iunganishwe kuwa mfuko mmoja, PSSSF, mwaka 2018, mstaafu bado anahitaji karatasi zile zile: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, na za kupanda daraja. Ile ya kuthibitishwa ndiyo hukosekana mara nyingi, kwa kuwa wakati inaandikwa hakuna aliyeona umuhimu wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mtumishi wa umma mali yenyewe ni ile miaka 30 na zaidi ya utumishi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mfumo wa nyaraka uliopangwa vizuri unafanya mambo ambayo masijala ya karatasi haiwezi kuyafanya hata ikipewa watu 20. Jalada moja linasomwa na maofisa watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja ofisini kwake. Tarehe ya kuletwa tena haimtegemei mtu kufungua shajara asubuhi; mfumo wenyewe unagonga kengele. Waraka ukirekebishwa, toleo la awali linabaki. Na kile kilio cha "jalada liko wapi?", kilichowakondesha wahudumu wetu kwa kuzunguka meza hadi meza, kinakwisha, kwa kuwa mfumo unaonyesha liko kwa nani na limekaa siku ngapi. Hili la mwisho, nadhani, ndilo linalofanya baadhi ya maofisa wasiupende.

Tena mfumo haulazimiki kuwa wa gharama. Taasisi nyingi zinatumia e-Ofisi iliyotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na wenye mahitaji ya pekee wanaweza kuangalia programu huria kama Mayan EDMS au toleo la jamii la Alfresco, ambazo hazina ada ya leseni ingawa fundi wa kuzisimamia atalipwa tu. Hoja yangu haibadiliki mchague ipi. Zote zinauliza swali lile lile siku ya kwanza: mna aina gani za majalada, na yanapangwaje? Swali hilo ndilo la masijala.

Mzabuni atawaambia msihangaike na mpangilio kwa sababu mfumo "unasoma maandishi yote" na mtatafuta kama mnavyotafuta kwenye Google. Ni kweli kwa kiasi. Programu za kusoma maandishi kutoka kwenye picha zimekomaa. Tesseract, iliyoanzia kwenye maabara za HP miaka ya 1980 na kuachiwa huria mwaka 2005, inasoma hata Kiswahili. Ipeni barua iliyochapwa juzi na kuskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, mtafurahi. Kisha ipeni nakala ya kaboni ya mwaka 1987 iliyogongwa muhuri juu ya jina la mhusika, au dokezo la mganga mkuu kwa mwandiko wake. Na hata ikisoma kila herufi, mtatafuta jina gani? Mohamed, Mohammed au Muhamadi? Mwanahamisi au Mwanaamisi? Akina Juma Juma wako wangapi kwenye halmashauri moja? Ndiyo maana sisi kwa mtumishi tunashikilia cheki namba, yaani namba yake kwenye orodha ya mishahara, na kwa ardhi tunashikilia kiwanja na kitalu. Jina hubadilika mtu akiolewa, akibatizwa au akisilimu, au karani akikosea. Namba haina hizo habari. Namba hiyo lazima iandikwe kwenye kila waraka unapoingia, na anayeijua ilipo ni mtu wa masijala.

Upande wa pili kuna wale wanaotaka taarifa nyingi mno. Nimeuona mfumo ambao haukubali kupokea barua mpaka ujaze visanduku visivyohesabika, vyote vya lazima, vingine vikiuliza mambo ambayo hata mwandishi wa barua hayajui. Matokeo yake yanatabirika. Mtumishi ana barua 60 mezani na umeme hauaminiki. Anaweka nukta kwenye kila kisanduku ili mfumo umpishe. Fungueni hifadhidata baada ya miezi sita mtakuta nukta, dashi, na neno "barua" limeandikwa mahali palipoandikwa "maelezo". Namba ya jalada, namba ya folio, tarehe ya barua, imetoka kwa nani, inahusu nini: hivyo vinatosha mtu kuvijaza kwa mkono. Saa ya kupokelewa na jina la aliyeingiza, mfumo uvijaze wenyewe.

Nikifika kwenye suala la nywila naomba tuvumiliane, maana hapa naingia ofisini kwenu.

Katika ofisi nyingi Mkurugenzi haingii kwenye mfumo mwenyewe. Anayeingia ni katibu muhtasi, kwa jina na nywila ya Mkurugenzi, iliyoandikwa kwenye karatasi ya njano chini ya kibodi. Bosi akiwa safarini anapiga simu, "hilo la kwanza lipitishe, la pili mwambie aje tuonane," na katibu muhtasi anabofya. Kazi inakwenda, sikatai. Lakini rekodi ya mfumo inasema Mkurugenzi aliidhinisha malipo saa nane na dakika kumi mchana, akiwa ofisini, na siku hiyo hiyo kuna dai la posho linaloonyesha alikuwa mkoa mwingine. Siku mkaguzi atakapoziweka rekodi hizo mbili pamoja, nani atasimama kueleza? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki zipokelewe mahakamani, ila uzito wake unapimwa kwa namna zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa, na kama anayetajwa kuwa mwandishi ndiye kweli. Wakili mwenye akili atauliza swali moja tu kuhusu ile karatasi ya njano. Mifumo mingi ina nafasi ya kukaimisha mamlaka kwa muda, kwa jina la anayekaimu. Ni kubofya mara chache tu. Muombeni mwenye masijala awaonyeshe, yeye amekuwa akishughulika na makaimu tangu enzi za muhuri.

Kuna na jambo la nani aone nini. Tumekuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri tangu zamani, na kila mtumishi wa masijala anajua kwamba barua yenye alama ya siri hapaswi hata kuifungua bahasha. Mfumo mpya ukija, kwa haraka ya kuanza, kila mtu anapewa haki zote "tutarekebisha baadaye". Baadaye haiji. Mhudumu wa mapokezi anaweza kusoma ripoti ya afya ya mtumishi mwenzake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, hilo ni kosa lenye mwenyewe, na mwenyewe ni taasisi, yaani ninyi. Na waraka ule ule mliouwekea kufuli kwenye mfumo, mkiomba "nitumie hapa WhatsApp niusome njiani", umeshatoka mlangoni.

Karatasi za asili je? Hapa naomba niwe mkali. Kuskani hakumpi mtu ruhusa ya kuchoma. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 haiachi uamuzi wa kuteketeza kumbukumbu za umma mikononi mwa ofisi peke yake. Upo utaratibu, upo mwongozo wa muda wa kuhifadhi kila aina, na ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya kuulizwa. Daftari la mahudhurio halikai muda sawa na jalada binafsi, na jalada la mgogoro wa mpaka wa kijiji lina umri wake. Bila muda huo kuingizwa kwenye mfumo, mfumo utatunza kila kitu milele, pamoja na mialiko ya sherehe za miaka iliyopita, na siku seva ikijaa fundi atafuta vya zamani kwanza. Vya zamani ndivyo barua za ajira za watu.

Kuhusu seva na akiba yake sitasema mengi, Afisa TEHAMA ataeleza vizuri kuliko mimi. Nina maswali mawili tu ya mlei. Je, nakala ya akiba ipo nje ya jengo, au iko kwenye kabati la pili la chumba kile kile ambacho bomba lake la maji lilipasuka? Na je, kuna aliyewahi kujaribu kurudisha hata jalada moja kutoka kwenye akiba hiyo akaliona likifunguka?

Mkataba pia uandikwe namna ya kuachana. Mzabuni akifilisika, au ada ya mwaka ikipandishwa, nyaraka zetu zitatokaje? Kipengele kiseme wazi kwamba nyaraka zote zitakabidhiwa katika muundo unaofunguka bila programu yake. Kwa kurasa zilizoskaniwa, PDF/A, kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2005, imetengenezwa kwa ajili ya kutunza muda mrefu. Pamoja na picha hizo zitoke taarifa zake: namba za majalada, folio, tarehe, madokezo na historia ya nani alifanya nini. Nimeona makabidhiano ambapo picha zilitolewa zote na taarifa zikabaki kwa mzabuni. Tulirudi kwenye Scan_0001.

Mkiniuliza pa kuanzia, nitawaambia acheni kwanza kuskani kila kitu. Tengeni kipindi cha kusafisha masijala kabla ya zabuni: majalada ya muda yaunganishwe na ya asili, majalada yaliyonenepa yafungwe na kufunguliwa sehemu mpya, orodha ya majalada iandikwe upya na isomwe na watu wawili. Kazi hiyo haina keki wala projekta, na inataka wahitimu. Tunao, Chuo cha Utumishi wa Umma na Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kule Bagamoyo vinawafundisha, halafu sisi tunawapanga kupeleka barua posta. Kisha chukueni kundi moja la majalada. Mimi ningechukua majalada binafsi ya watumishi watakaostaafu ndani ya miaka mitano. Ni machache, wahusika bado wako kazini na wanaweza kuulizwa, na kila folio inayokosekana ikigundulika sasa kuna muda wa kuandika Tamisemi, Utumishi au wilaya mama kuomba nakala. Yaskaniwe mbele na nyuma, folio kwa folio, mtu wa masijala akikagua kila jalada kabla halijarudishwa kamba. Mkifika mwisho wa kundi hilo mtajua kazi nzima itachukua muda gani na fedha kiasi gani, kwa hesabu yenu wenyewe na si ya mzabuni.

Barua mpya zinazoingia zianze kwenye mfumo siku hiyo hiyo ya kwanza. Za nyuma zitafuata kwa zamu, na nyingine hazina haja ya kuskaniwa kabisa; zinahitaji boksi zuri lenye maandishi nje na mstari mmoja kwenye mfumo unaosema boksi liko rafu ya ngapi.

Bajeti ya mwaka ujao inaandaliwa. Kama kifungu hicho kipo kwenye rasimu yenu, naomba kabla ya kikao kijacho mmoja wenu ashuke masijala, aombe jalada lake binafsi, asome folio ya kwanza, na amuulize aliyelileta ilimchukua muda gani kulipata na kwa nini. Baada ya hapo mwiteni apande naye kikaoni.

Naomba kuwasilisha.

Mtunza kumbukumbu,
Halmashauri ya Wilaya, Kanda ya Kati